Ukingo wa Ziwa ni Mali ya Nani?

Mwanafunzi wa dini husikia mapema maneno mawili: kwamba vitu vyote vimeumbwa na Mwenyezi Mungu, na kwamba mtu amepewa mamlaka juu yavyo. Maneno yote mawili ni ya kweli. Lakini wako wengi ambao hulishika sana neno la pili, na lile la kwanza huliacha mlangoni. Hao husema: "Nyama wa porini hana roho isiyokufa, mtu anayo. Basi, kama chini ya maji kuna mali iwezayo kumlisha mtu, nyama na aondoke."

Neno hilo lina sura ya haki, na ndiyo sababu huwapotosha hata watu wema. Wala si neno la kupitishia wakati penye pombe ya ndizi. Katika nchi hizi za mashariki ya Kongo limeulizwa waziwazi, mbele ya wakubwa na wadogo, na wako waliojibu kwa kuhatarisha maisha yao. Yafaa basi lichaguliwe polepole, kama mama achaguavyo maharagwe juu ya ungo, punje zibaki na mawe yatupwe.

HABARI YENYEWE

Kaskazini ya Goma, mbali na vilima vya Nyantende, liko ziwa liitwalo Edward. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 2,300. Sehemu yake kubwa imo katika nchi ya Kongo, na iliyobaki imo Uganda. Mto Rutshuru na mito mingine huingiza maji yake humo. Nayo maji hutoka mahali paitwapo Ishango, hufuata mto Semliki mpaka Ziwa Albert, na mwisho huungana na Nile. Ukingo wote wa upande wa Kongo umo ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambayo watu wengi huiita parki. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925, ikawa ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Mwaka 1979 ikaandikwa na UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa, katika hesabu ya urithi wa dunia nzima.

Penye ukingo huo viko vijiji vya wavuvi: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Akina baba huenda majini na mitumbwi yao usiku. Akina mama huwangoja alfajiri, hununua samaki, huwakausha kwa chumvi au kwa moshi, na kuwapeleka masokoni. Ada ya shule, dawa ya mtoto, hata sanda ya maiti, vyote hutoka katika wavu.

Mwaka 2010 serikali iliwapa wageni ruhusa ya kutafuta mafuta ya petroli katika vitalu kadhaa vya nchi, na kimoja kilichukua sehemu ya Hifadhi pamoja na ziwa. Kampuni moja ya Uingereza ikakipokea. Mwaka 2014 vyombo vyake vilipita juu ya maji, vikipeleka mishindo ya sauti chini, ili mwangwi wake uonyeshe kama mafuta yamo.

Habari hiyo ikawagawa watu. Wengine walifurahi, kwa maana waliahidiwa kazi na barabara. Wengine walikataa: wavuvi, akina mama wa sokoni, watetezi wa haki za watu, na walinzi wa Hifadhi wenyewe. Walisema kwamba kisima cha mafuta kikivuja katika ziwa hakuna mtu awezaye kujenga ukuta majini. Baadhi yao walitishwa, wengine walikamatwa. Tarehe 15 Aprili 2014 mkuu wa Hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani alipokuwa akitoka Goma. Akapona. Waliompiga hawakutambuliwa, wala si haki kumtwika mtu yeyote kosa lisilothibitishwa. Lakini kila mtu alifahamu tangu siku ile kwamba shauri hili si la maneno matupu.

Tarehe 11 Juni 2014 kampuni ile ilitangaza kwamba itamaliza vipimo vyake, wala haitachimba kisima ndani ya Virunga, isipokuwa UNESCO na serikali wakubali kwamba kazi hiyo haiharibu urithi wa dunia. Baadaye ikaondoka. Je, shauri likaisha? Hapana. Mwezi wa Julai 2022 serikali iliweka mnadani vitalu 30, vya mafuta 27 na vya gesi 3. Vingine viliingia tena katika Virunga. Na vile vitatu vya gesi vimo katika Ziwa Kivu, ambalo watu wa Bukavu huvua sambaza ndani yake. Mwezi wa Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya mafuta ulifutwa. Mlango umefungwa mara mbili; lakini mlango uliofungwa kwa komeo huweza kufunguliwa tena, na kwa hiyo yafaa watu wajue mapema neno la kujibu.

HOJA YA KWANZA: "MTU NI BORA KULIKO KIBOKO"

Na usikike mfano. Kijana wa ukingo wa ziwa alirudi nyumbani jioni, akamwambia baba yake:

"Baba, tangu nilipozaliwa namwona kiboko, wala hajanilipia ada ya shule hata siku moja. Wageni hawa wanasema wataleta kazi. Kwa nini nimchague nyama?"

"Mwanangu, ada yako ililipwa na nani?"

"Na samaki, baba."

"Na samaki alilishwa na nani?"

Kijana akanyamaza, maana hakuwa amejiuliza neno hilo.

Baba wa mfano huu alisema kweli. Kiboko hutoka majini usiku, akaenda kula majani nchi kavu. Mchana hurudi ziwani, na samadi yake huiacha humo. Samadi hiyo hulisha vijimea na vidudu vidogo vya majini, navyo hulisha samaki. Mama wa shambani hujaza samadi ya ng'ombe katika kikapu, akaitia penye migomba yake. Na kiboko hulifanyia ziwa kazi hiyohiyo kila siku, wala hadai mshahara.

Katika miaka ya 1970 viboko wa ziwa hilo na mito yake walikuwa zaidi ya 20,000. Vita vilipokuja, watu wenye silaha waliwaua kwa ajili ya nyama na meno, na wanakijiji wenye njaa nao wakajiunga nao. Mwaka 2006 waliobaki hawakufika 1,000. Katika miaka hiyohiyo wavuvi walianza kulalamika kwamba nyavu zimekuwa nyepesi. Viboko si sababu peke yake, kwa maana mitumbwi ilizidi na nyavu mbaya zilizidi. Lakini mvuvi mzee hakuhitaji kwenda chuo kikuu ili atambue kwamba ziwa lisilotiwa samadi hupungukiwa kama shamba lisilotiwa samadi.

Basi jiwe la kwanza limeonekana juu ya ungo. Mtu asemaye, "Chagueni kiboko au mtoto," mara nyingi huuliza swali la uongo. Mwenyezi Mungu hakuviumba vitu kimoja kimoja, kama mawe yaliyotawanyika njiani. Aliviunganisha kama nyuzi za kikapu. Avutaye uzi mmoja kwa nguvu hujikuta ameshika mpini, na mahindi yote yako chini.

HOJA YA PILI: "LAKINI NJAA NI YA LEO"

Hapo mwenye hoja hujibu: "Haya. Lakini mtoto wangu analia leo. Mambo ya kesho na yangoje." Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza. Mtu aliyeshiba asiidharau.

Katika nyumba za Nyantende mbegu za maharagwe huwekwa kando, mahali pakavu, zisiguswe na panya wala unyevu. Miezi ya njaa ikifika, mama huzitazama. Aweza kuzipika, na nyumba itashiba siku mbili. Hazipiki. Je, mama huyu hampendi mtoto wake? Ampenda sana, naye humpenda mtoto wa leo pamoja na yule mtoto wa msimu ujao, ambao ni mtoto yuleyule.

Ni kweli kwamba kama mtoto angekuwa karibu kufa usiku huu, na hakuna chakula kingine wala jirani wa kukopesha, mama angepika hata mbegu, wala hangekuwa na kosa. Haja ya kufa na kupona ina haki yake. Lakini kabla ya kuzitia mbegu chunguni, mama mwenye akili huuliza maswali matatu. La kwanza: je, njaa hii haina dawa nyingine? La pili: mbegu zikiisha, nitapanda nini? La tatu, ambalo watu hulisahau: chungu chenyewe kiko jikoni mwa nani?

Swali hili la tatu ndilo lililowafumbua macho wengi wa ukingo wa Ziwa Edward. Mafuta yangechimbwa kwao. Lakini je, yangepikiwa kwao? Nchi ya Nigeria ilianza kupata mafuta mwaka 1956, katika nchi ya vijito na mikoko ambako mto Niger huingia baharini. Mali nyingi mno ilitoka huko. Watu wa Ogoni, ambao ni wavuvi na wakulima wa mahali hapo, waliona mafuta yakimwagika katika vijito vyao na katika visima vya maji ya kunywa. Mwaka 2011 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilichunguza nchi hiyo, likasema kwamba kuisafisha yote huenda kukachukua miaka 25 hata 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule atakuwa baba wa watoto kabla maji ya babu yake hayajatakata. Huko mbegu zilipikwa, chungu kikabebwa, na mwenye shamba akaachiwa moshi.

Njaa ya leo yataka jibu la leo, hilo ni kweli. Lakini jibu hilo ni kazi ya haki, soko lenye bei njema, barabara, na amani iwezayo kumrudisha mvuvi nyumbani akiwa hai. Anayesema kwamba hakuna dawa ila kuuza ziwa, na aonyeshe kwanza kwamba amezijaribu dawa nyingine.

HOJA YA TATU: "SERIKALI IMEKUBALI, MTU MDOGO ANA HAKI GANI?"

Wako watu wema ambao hukwama hapa. Wamefundishwa kuwatii wakubwa, nao hufanya vema. Tena sheria ya Kongo yasema kwamba kilicho chini ya ardhi ni cha Taifa. Basi mvuvi wa Vitshumbi ni nani hata aseme "hapana"?

Desturi ya Bashi yaweza kusaidia kulieleza neno hili. Mtu aliyepewa shamba kwa kalinzi hulishika maisha yake yote, na watoto wake hulirithi. Mtu aliyepewa shamba kwa bwasa hulilima kwa msimu tu, kisha hulirudisha. Mwenye bwasa ana ruhusa ya kuvuna maharagwe. Hana ruhusa ya kuuchimba udongo wa shamba, akaufanya matofali, akamrudishia mwenyewe shimo. Akifanya hivyo, wazee wa kijiji watamhukumu, hata kama msimu wake haujaisha.

Sasa na iulizwe: watu wa kizazi hiki wameipokea dunia kwa namna gani? Kwa watoto wao, ardhi ni kama kalinzi, kwa maana lazima wairithi. Kwa Mwumba wao, ni kama bwasa, kwa maana kila mtu ataiacha akiondoka, naye ataulizwa aliyarudisha mavuno na udongo katika hali gani. Hakuna kizazi kilichopewa ruhusa ya kuacha shimo. Mkubwa naye amefungwa na sharti hilo, maana naye ni mgeni wa msimu mmoja.

Tena utii wenyewe una njia zake. Mwaka 1972 mataifa yalifanya mapatano ya kulinda urithi wa dunia, na mwaka 1974 nchi ya Kongo, iliyoitwa Zaïre wakati huo, ikayakubali. Kwa hiyo mvuvi anayesema, "Hapa pasichimbwe," haiasi serikali. Aikumbusha serikali neno lake yenyewe. Mtoto amkumbushaye baba ahadi aliyoitoa mbele ya majirani hamvunjii baba heshima, humlindia heshima.

Na kama wakubwa husahau, nani atakumbusha? Kiboko hana kinywa cha kusema barazani. Mtoto ambaye hajazaliwa hana jina katika kitabu cha kijiji. Aliye karibu nao ndiye mwenye wajibu wa kusema kwa niaba yao. Mwenye kuona nyumba ya jirani inawaka usiku hangoji kuulizwa.

Watu wa pwani ya Kenya wameonyesha mfano. Karibu na Lamu, mji wa kale wa Waswahili, palikusudiwa kujengwa kiwanda kikubwa cha umeme wa makaa ya mawe. Wavuvi na wazee wa Lamu waliogopa moshi, majivu, na maji ya moto ambayo yangerudishwa baharini, penye mikoko, matumbawe, kasa na mazalio ya samaki. Wakafanya mikutano, wakaandika barua, wakaenda barazani. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la Kenya la mashauri ya mazingira liliifuta ruhusa ya kiwanda hicho, na sababu moja kubwa ilikuwa hii: wenyeji hawakusikilizwa jinsi sheria ilivyoamuru. Hukumu hiyo haikusema kwamba umeme ni mbaya. Ilisema kwamba mwenye nyumba hafanyiwi shauri la nyumba yake akiwa amefungiwa nje.

NENO LA KUANGALIA: NYAMA ASIFANYWE FIMBO YA KUMPIGIA MTU

Lakini ungo haujamalizika. Liko jiwe jingine, nalo limejificha kati ya punje njema.

Karibu na Bukavu iko Hifadhi ya Kahuzi-Biega, wanamokaa sokwe wakubwa waitwao gorila. Mwaka 1970 msitu huo ulifanywa hifadhi ya taifa. Kazi hiyo ilikuwa na sababu njema, kwa maana gorila hao hawapatikani po pote duniani ila katika mashariki ya Kongo. Lakini ndani ya msitu walikaa Batwa tangu siku za mababu. Humo walipata asali, dawa, nyama, na makaburi ya wazee wao. Katika miaka ya 1970 walitolewa, wala hawakupewa ardhi nyingine ya kuwatosha. Wengi wamekuwa vibarua katika mashamba ya wengine, wakikaa pembezoni kama wageni katika nchi yao.

Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni kwa nguvu. Pakawa na mapigano kati yao na walinzi. Watu walikufa upande huu na upande huu. Miti mingi ilikatwa ikachomwa makala, na wenye faida kubwa katika makala hayo hawakuwa Batwa. Mwaka 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwamba haki za Batwa hao zilivunjwa na dola.

Basi na ifahamike. Kumlinda nyama ni jambo jema. Kumfukuza maskini kwa jina la nyama ni dhuluma, nayo dhuluma haiwi njema kwa sababu imevikwa majani mabichi. Hata Virunga wako wazee wasemao kwamba babu zao walitolewa katika mashamba yao wakati wa Wabelgiji, na uchungu wao haustahili kuchekwa. Anayeipinga kampuni kwa sababu haikuwasikiliza wenyeji hawezi kuisifu hifadhi isiyowasikiliza wenyeji. Kipimo ni kimoja. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Mwenye kuziba sikio moja, mwisho hasikii hata kwa lile la pili.

NENO LA KUJICHUNGUZA: MIKONO YA MWENYEWE

Liko jiwe la mwisho, dogo kuliko yote, nalo huvunja meno.

Ni rahisi kuipinga kampuni ya ng'ambo. Ni vigumu kumpinga shemeji yako. Penye Ziwa Edward samaki huzaa katika maji mafupi, penye midomo ya mito na kandokando ya majani. Mahali hapo pamekatazwa kuvuliwa. Lakini wako watu ambao mchana husema barazani juu ya ubaya wa mafuta, na usiku hutega nyavu za matundu madogo penye mazalio yale yale, wakatoa samaki wasiofika kidole. Mtu wa namna hiyo hakulipenda ziwa. Alitaka tu lisiharibiwe na mwingine.

Walinzi wa Virunga zaidi ya 200 wamepoteza maisha yao katika kazi hiyo tangu Hifadhi ilipoanzishwa. Wengi walikuwa wana wa vijiji vya karibu, wenye wake na watoto. Ni aibu kuwalilia kanisani, kisha kununua sokoni makala yaliyotoka katika msitu walioufia.

Na watu wa Bukavu na wa vilima vyake wasijione kuwa mbali na shauri hili. Ziwa Kivu limezungukwa na nyumba zinazosogea mpaka majini, ingawa ukingo ni wa watu wote. Takataka za mji hushuka kwa mifereji wakati wa mvua; chupa za plastiki huelea mpaka mto Ruzizi, hujikusanya penye boma la umeme, na kuzizuia mashine zisifanye kazi. Ndipo mji hukaa gizani, na watu huilaumu kampuni ya umeme. Hakuna mgeni aliyeileta chupa ile. Ilitupwa na mkono unaojulikana.

Hata kilimani mambo ni hayo. Chemchemi ina miti yake juu. Mtu akiikata yote apate makala ya mwezi mmoja, chemchemi hupungua, na binti wa jirani hulazimika kwenda na ndoo mbali zaidi. Hakuna gazeti litakaloiandika habari hiyo, wala baraza la mataifa halitakutana kwa ajili yake. Lakini kosa ni lile lile: kula mbegu ya mwenzako na kumwachia shimo.

MTU MWEMA AFANYE NINI?

Kwanza, aulize kabla ya kukubali. Mgeni akija na ahadi ya kazi, wanakijiji waulize: kazi ngapi, kwa miaka mingapi, kwa nani? Maji yakiharibika, nani atayasafisha, na ameweka dhamana gani? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya wote katika lugha wanayoifahamu.

Pili, aseme waziwazi na kwa amani. "Hapana" isemwe barazani, kwa barua, mbele ya waamuzi, na katika umoja. Jiwe na moto humpa mkosaji nafasi ya kujifanya aliyekosewa.

Tatu, asimdharau ndugu aliyekubali. Kijana anayetaka kazi ya mafuta hana kosa kwa kutaka kazi. Njaa yake ni hoja, nayo yadai jibu. Kijiji kinachokataa kisima lakini hakimtafutii kijana huyo mtumbwi, shamba au ufundi, kimekataa nusu tu.

Nne, aanze na wavu wake, na makala yake, na chupa yake. Hapo neno lake litakuwa na uzito hata mbele ya mwenye nguvu.

Katika ule mfano, baba na kijana walikaa kimya kitambo. Kisha kijana akauliza: "Baba, na kama mafuta yangekuwa mengi kuliko samaki, na fedha yake ingefika kwetu kweli, ungekubali?"

Mzee akafikiri, kwa maana swali lilikuwa la haki. Akajibu: "Mwanangu, ningekubali kuuza kilicho changu. Mtumbwi ni wangu, naweza kuuuza. Wavu ni wangu. Lakini ziwa nililikuta hapa, nalo babu yako alilikuta hapa. Nionyeshe aliyeniuzia, ndipo nami niweze kuliuza."

MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Je, mtu ana mamlaka juu ya viumbe vingine?
Jibu: Anayo, nayo ni mamlaka ya mtunzaji ambaye ataulizwa hesabu, kama mwenye bwasa aulizwavyo na mwenye shamba.

Swali: Je, ni kosa kutumia mali iliyo ardhini au majini?
Jibu: Si kosa, kama wenyeji wamesikilizwa, maskini hawakudhulumiwa, na wajao wameachiwa mbegu ya kupanda.

Swali: Je, anayekataa kazi ya uharibifu iliyokubaliwa na wakubwa huasi?
Jibu: Haasi, akitumia njia za haki na amani. Huwakumbusha wakubwa ahadi yao.

Swali: Je, yafaa kumtoa mtu katika nchi yake kwa ajili ya kulinda nyama?
Jibu: Haifai kumtoa kwa nguvu bila kumsikiliza wala kumpa haki yake. Mlinzi wa kweli huwalinda wote wawili.

Swali: Ni nani anayeanza kulinda ukingo wa ziwa?
Jibu: Yule anayekaa karibu nao, kwa mikono yake mwenyewe, kabla hajafungua kinywa chake kumlaumu mwingine.